Dada na Samaki Saba wa Tangi la Kumi na Nne

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu kutoka taasisi, na nyinyi watatu mliosimama karibu na mlango kana kwamba gari linawasubiri, naomba mkae, viti vipo, nimevihesabu mwenyewe, maana historia hii ina mahali ambapo ningependa kila mtu awe amekaa. Mimi ni mdogo wake wa mwisho, ndiye niliyeteuliwa na familia kusoma, na ingawa shule niliishia darasa la saba, kwa kusoma kwa sauti hakuna wa kunigusa katika ukoo huu, muulizeni yeyote. Karatasi iliyoandaliwa na kamati ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu, safi, imenyooka, lakini ilipita juu ya jambo moja kimya kimya kama mtu anayevuka dimbwi kwa ncha za vidole, kwa hiyo jana usiku nilijifungia chumbani nikaandika hii nyingine, na shemeji, mume wa marehemu, anaiona kwa mara ya kwanza sasa hivi, kama inavyoonyesha sura yake.

Jambo lenyewe mnalijua. Tangu jana nasikia minong'ono kwamba marehemu alikuwa mtafiti hodari, sawa, lakini yale matokeo yake makubwa ya mwaka 2009 aliyapika. Neno ni hilo hilo, kupika. Nimelisikia kwenye foleni ya kunawa mikono, nimelisikia nyuma ya turubai, nimelisikia kutoka kwa bwana mmoja wa suti ya kijivu ambaye kila nikimtazama anakagua viatu vyake. Mabinti wa marehemu wamelisikia pia, na nyinyi mtarudi makwenu lakini wao ndio watakaoishi nalo. Basi kabla sijakunja karatasi hii mtajua kama alipika au hakupika, na kama hakupika, ni nani aliyetia mkono kwenye chungu chake. Mtu huyo yumo humu. Amekula pamoja nasi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1964, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa marehemu baba yetu, fundi cherehani, na marehemu mama yetu, aliyekuwa mfuaji wa mashuka ya hospitali. Inasemekana alizaliwa macho wazi, wala hakulia, na mkunga alipomwinua alishtuka akasema, "Mama we, huyu hajalia, ananikagua," na mama akamjibu, "Mwache akukague, huenda una kosa." Mimi sikuwepo, nilizaliwa miaka minane baadaye, lakini habari hii nimeisimulia mara nyingi kiasi kwamba nina uhakika nayo kuliko mkunga.

Alipokuwa na miaka tisa, baba alianza kugonga vitu. Aligonga pasi, aligonga wateja, aliruka mishono ya pembeni, na nyumba nzima ikaanza kumshuku, mama akamnusa mdomo kila jioni kwa wiki mbili asipate kitu, shangazi akasema ni uvivu tu huo, kaka yangu amechoka kazi anatafuta pa kujificha. Dada alichukua vipande ishirini vya chaki ya kitambaa, akavipanga mezani kwa baba, vingine mbele ya pua yake, vingine huku na huku pembeni, akamwambia, "Baba, nihesabie chaki zangu," baba akahesabu sita, zote za katikati. Kesho yake akazipanga upya, baba akahesabu tena za katikati tu. Siku ya tatu akamfuata mama kwenye karo, akamwambia, "Baba hadanganyi. Anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba." Shangazi aliposikia akasema, "Na wewe nani kakutuma kumpima baba yako?" dada akajibu, "Wewe, shangazi, kwa maneno yako." Alichapwa kwa jibu hilo, lakini tangu siku ile baba hakunuswa tena.

Alianza shule ya msingi Januari 1971, akamaliza mwaka 1977 akiwa wa kwanza kati ya wanafunzi mia moja na arobaini, jambo ambalo mwalimu mkuu alilitilia shaka, akamketisha ofisini peke yake arudie mtihani, akapata alama mbili zaidi, mwalimu mkuu akasema hapo ndipo shaka imezidi. Aliendelea na sekondari kuanzia 1978 hadi 1983, na ni katika kipindi hicho, mwaka 1981, ambapo baba alipofuka kabisa. Dada ndiye aliyempeleka kwa daktari wa macho, na daktari akawaeleza kwamba nyuma ya jicho kuna utando uitwao retina, ndio unaopokea mwanga, wa baba umekufa kuanzia pembeni kuja katikati, na ukishakufa hauoti tena kwa binadamu yeyote. Dada, binti wa miaka kumi na saba mwenye soksi zilizotoboka na viatu vya kuazima, akamuuliza, "Na kwa wasio binadamu?" Daktari akacheka, akamwandikia baba fimbo.

Alisoma chuo kikuu kuanzia 1984 hadi 1988, akahitimu shahada ya kwanza ya sayansi ya viumbe, na kati ya mwaka 1992 na 1996 akasomea shahada ya uzamivu, kuhusu namna jicho linavyojijenga ndani ya yai la samaki. Mkiwa mnajiuliza kwa nini samaki, ni kwa sababu kuna kisamaki kimoja, urefu wake kama kidole cha mwisho cha mtoto, kina mistari ya bluu toka shavuni hadi mkiani, sisi tulikiita milia, na yai lake ni angavu kama tone la maji, ukilitazama kwa hadubini asubuhi ya leo hakuna kitu, asubuhi ya kesho kuna vijicho viwili, na siku ya tano kitoto kinawinda chakula chake. Na milia akiharibiwa retina, hata akiwa mtu mzima, anaiotesha upya. Narudia kwa walio nyuma, anaiotesha upya. Ndani ya jicho kuna seli zinazozishikilia nyingine kama nguzo za nyumba, na jicho likiumia, nguzo zetu sisi watu zinaweka kovu basi, lakini nguzo za milia zinarudi utotoni, zinagawanyika, zinazaa seli mpya zinazoona, na kwa muda wa siku ishirini na nane hivi kipofu si kipofu tena. Dada alitaka kujua nani anayeziamsha zile za milia, na za baba nani aliyezilaza. Hayo mawili tu, na yamechukua maisha yake yote.

Aliajiriwa na taasisi tarehe 1 Februari 1989 kama msaidizi wa maabara, akapanda hadi mtafiti mwandamizi, na mwaka 1997 akapewa chumba namba sita, mwisho wa korido, kilichokuwa stoo ya viti vibovu, akakigeuza kuwa chumba cha samaki chenye matangi ishirini na manne. Alifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1990 na shemeji yetu, mpima ardhi, baada ya uchunguzi wa miezi kumi na minne, maana dada alikuwa akimuuliza jambo lile lile mara tatu kwa siku tofauti kuona kama jibu litasogea, na shemeji, kwa kazi yake, alikuwa akijibu bila kusogea hata inchi. Walijaliwa mabinti wawili, wa kwanza mwaka 1991, leo ni muuguzi, na wa pili mwaka 1999, anayesomea sheria, wote wapo mbele yangu hapa, wanangu, mjomba wenu anawaona.

Mimi niliingia chumba namba sita tarehe 4 Agosti 2003, baada ya karakana ya bati niliyokuwa nafanyia kazi kufungwa. Watu walisema nimebebwa na dada, ni kweli nilibebwa, lakini nilibebeka. Nilikuwa mlishaji na mtunza matangi, na ni mimi niliyetengeneza lile pipa maarufu, pipa la bati lisilo na kitako, ndani nimelipaka mistari myeusi na myeupe, linazungushwa taratibu kulizunguka bakuli la kioo lenye samaki, na samaki anayeona huifuata mistari, asiyeona hubaki amezubaa. Wataalamu wa kutoka mbali walipiga picha pipa lile. Mlangoni kulikuwa na kadi ya vifo, ambayo mlishaji huandika samaki waliokufa mwezi huo, na mlishaji aliyenitangulia alikuwa akiandika kumi, kumi na watano, nami nilipoingia nikaanza kuandika sifuri. Miaka sita, sifuri. Mkuu wa idara alinipa jina la Mkono wa Uhai, akawa analeta wageni waniangalie nikilisha, na nakiri kwamba wageni wakija nilikuwa nalisha kwa madaha.

Sasa nimefika kwenye lile dimbwi. Jumatatu tarehe 4 Mei 2009 dada alianza jaribio la dawa aliyoihangaikia kwa miaka mitatu, ya kuziamsha zile nguzo mapema. Samaki kumi na wawili waliopofushwa kwa mwanga mkali wakawekwa tangi la kumi na nne na kutiliwa dawa, wengine kumi na wawili waliopofushwa vile vile wakawekwa tangi la kumi na tano bila dawa. Jumatano tarehe 13, siku ya tisa, wakapitishwa kwenye pipa. Wa tangi la kumi na tano walizubaa wote. Wa tangi la kumi na nne, saba waliifuata mistari. Dada akarudia, saba. Akalizungusha pipa kinyume, saba wakageuka nalo. Dada yangu, ambaye sikuwahi kumwona akikimbia hata mvua, alitoka mbio koridoni peku, akamkumbatia mfagiaji na ndoo yake, akampigia baba simu, nami nilikuwa nimesimama pale pale nikamsikia akisema, "Baba, siku tisa! Siku tisa badala ya ishirini na nane!" Sauti ya mzee ikasikika hadi nilipokuwa, "Na mimi je?" Dada akasema, "Bado, baba, lakini njia imeonekana." Wiki ile baba, mzee wa miaka sabini na tisa, aliagiza cherehani yake ishushwe juu ya kabati, itiwe mafuta.

Makala ilitoka Oktoba 2009 katika jarida kubwa, dada akapongezwa na watu ambao hawakuwahi kumpongeza, na kwa desturi yake hilo likamtia wasiwasi. Wenzake wa maabara nyingine wakaandika kwamba wamejaribu, haitoki. Wengine wangesema ni wivu, yeye alisema, "Ngoja." Aliyatoa macho ya wale samaki saba yaliyokuwa yamehifadhiwa, akayakata vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, safari hii akitafuta rangi ya kijani, maana wakati wa jaribio maji yalitiwa rangi inayoingia katika seli zinazozaliwa tu, kwa hiyo retina iliyoota upya ni lazima iwake kijani. Kabla ya hapo alikuwa ametazama tu kama retina ipo, nayo ilikuwepo, nzima, nzuri mno, na ni huo uzuri uliomkosesha raha. Hakukuwa na kijani, isipokuwa vinukta vichache ukingoni kama kwa samaki yeyote. Macho yale hayakuwa yameota upya. Hayakuwa yamewahi kuumia. Kwa maneno mengine, wale saba hawakuwa samaki wake, kuna mtu aliyewatoa vipofu akaweka wazima.

Funguo za chumba zilikuwa tatu, wake, wangu, na wa mtafiti msaidizi wake, mama mmoja tuliyemwita Hadubini kwa jinsi alivyochunguza kila kitu hadi sukari ya chai, ambaye yupo leo, safu ya nne, kitambaa cha zambarau. Mlishaji hakuna aliyemfikiria, mlishaji atanufaika nini? Jina la Hadubini lilikuwa kwenye makala, la pili toka juu, kwa hiyo macho yakamwendea yeye. Dada alimwita, wakafunga mlango, lakini mlango wa chumba namba sita ni wa mbao nyembamba, nikasikia Hadubini akisema, "Miaka kumi na mbili unanijua, unaniuliza mimi?" na dada akijibu, "Ningekuwa sikujui nisingekuuliza, ningekufukuza." Hadubini akaweka ufunguo mezani, na Januari 2010 akahamishiwa jengo la pili kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuosha vioo. Nami katika siku hizo nilizunguka koridoni nikisema kwamba wanawake wasomi ni wa kuangaliwa, na kwamba hata mtu wa umeme aliingia siku fulani, na mfagiaji naye ana mikono mirefu. Nilikuwa fundi wa kupanda shaka, na ilistawi.

Tarehe 15 Machi 2010 dada aliandika barua ya kuiondoa makala yake. Mkuu wa idara alimwambia, "Taja msaidizi, yaishe," naye akasema, "Sina ushahidi. Kosa limetokea katika chumba changu, na mwenye chumba ni mimi," akatia saini peke yake. Kisha akaenda nyumbani kwa baba, akaketi kitandani kwake, akamwambia kwamba haikuwa kweli, kwamba kuna mtu aliyebadilisha samaki. Baba akauliza, "Nani?" dada akasema, "Bado sijajua." Nilikuwa mlangoni na kikombe cha chai ya mzee mkononi. Baba alifariki tarehe 2 Novemba 2012, na cherehani ilikuwa imesharudishwa juu ya kabati.

Tangu barua ile, jina likawa kupika. Uprofesa aliomba mwaka 2014 akanyimwa, akaomba 2019 akanyimwa. Hakuacha kazi. Alianza kumpiga picha kila samaki kwa ubavu, maana mistari yao haifanani, akaagiza kila hesabu ifanywe na watu wawili wasioambizana, na mwaka 2018 akatoa makala nyingine, ya kiasi tu, inayosema dawa yake inafupisha siku ishirini na nane kuwa ishirini na tatu. Siku tano. Maabara nne zimerudia, zote zimepata siku tano. Haikupigiwa makofi, lakini ni ya kweli, na atakayeziamsha nguzo za binadamu siku moja huenda akapita hapo. Mwaka 2010, mwezi Agosti, alikuwa ameshamfuata Hadubini jengo la pili, akamwomba radhi mbele ya wanafunzi, na Hadubini alipomuuliza, "Basi ni nani?" alisema tena, "Sina ushahidi."

Marehemu alianza kuumwa tumbo mwezi Mei 2023, na tarehe 19 Juni mwaka huo akagundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alifanyiwa upasuaji mwezi Julai, akarudi kazini Oktoba akiwa amekonda hadi saa ya mkononi akawa anaivaa juu ya kiwiko, na tarehe 22 Aprili 2024 akalazwa kwa mara ya mwisho. Jumamosi tarehe 27 nilikwenda kumwona mchana, nikamkuta peke yake, nikaanza kumsimulia vituko vya mtaani kama kawaida yangu, akacheka mahali pa kucheka, kisha akasema, "Mdogo wangu, siku hizi ukikuta samaki amekufa, unafanyaje?" Nikasema, "Namwandika kwenye kadi, dada." Akanitazama. Akasema, "Vizuri," akaomba nimsogezee mto. Nikamsogezea mto. Alikuwa amenifungulia mlango wazi kabisa, na mimi nikapanga mto.

Alifariki dunia Ijumaa tarehe 3 Mei 2024, saa nne asubuhi, wodi namba tatu, kitanda cha dirishani, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa, miezi minane na siku ishirini na nne. Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja na wadogo watatu, na wa mwisho wao ndiye aliyetia mkono kwenye chungu.

Ni mimi. Kaeni, nimewaomba mkae. Ijumaa tarehe 8 Mei 2009 niliwatilia samaki chakula maradufu ili Jumamosi nisiamke mapema, mabaki yakaziba mrija wa hewa wa tangi la kumi na nne, na nilipofika Jumamosi saa tisa alasiri nilikuta saba wanaelea. Kadi ilikuwa na sifuri ya miaka sita. Niliwatoa wale saba kwa wavu, nikawatupa, nikachota saba wazima kutoka tangi la akiba, wenye ukubwa ule ule, nikawatia. Sikuwa nataka kumharibia mtu kitu. Nilitaka sifuri yangu. Wala haikuwa mara ya kwanza, miezi miwili ya mwanzo sifuri ilikuwa ya halali, nawaapia, baada ya hapo nilikuwa nabadilisha, nikijiambia samaki ni samaki, na Mkono wa Uhai alikuwa mkono mwepesi tu wa kuchota. Kwamba wale saba wangekuja kuifuata mistari ya pipa nililolitengeneza mwenyewe, sikulifikiria hadi nilipoiona ikifuatwa, na wakati huo dada alikuwa ameshavua viatu.

Na alijua. Agosti 2010 nilibadilisha tena, samaki mmoja tu, tangi la tatu, sikujua kwamba wameshapigwa picha. Dada aliweka picha mbili mbele yangu, juu ya meza ya kupimia chakula, akasema, "Huyu mstari wake wa tatu umekatika karibu na pezi. Huyu haujakatika. Tangi ni moja. Nieleze." Nikamwambia, "Dada, samaki anakua, mistari inabadilika." Alinitazama muda wa mtu kuhesabu ishirini, akasema, "Sawa. Wewe ndiye umesema," akachukua picha zake, na kesho yake akaenda kumwomba Hadubini radhi. Kwa hiyo aliposema hana ushahidi, mimi mdogo wake mpaka leo nashuku maneno yale, sijui kama aliukosa au aliukataa. Nilichokijua ni kwamba neno moja langu lingemtosha, na nililikalia miaka kumi na minne, naye akaenda bila kulipata, akinyimwa uprofesa, akinyooshewa vidole, akinipisha mlangoni kila asubuhi na kuniambia, "Umeshalisha?"

Bwana wa suti ya kijivu, sasa unaweza kuacha viatu vyako unitazame mimi. Wanangu, mama yenu hakupika. Alipogundua kwamba chakula kimeharibika alikimwaga mbele ya wageni wote na kubaki na njaa. Atakayewaambia vinginevyo, mwambieni aje kwa mjomba. Maelezo haya nimeyaandika kwa mkono wangu, yana tarehe na saini, nakala moja ni ya mkuu wa idara, aitume kwa lile jarida, na asinionee huruma. Nakala ya pili ni ya mama Hadubini. Sikuombi uniambie kitu leo, mama, ichukue tu uende nayo. Na katika kadi ya Mei 2009, palipoandikwa sifuri, nimepiga mstari leo asubuhi mbele ya mfagiaji, nikaandika saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tatu, hasa yule muuguzi aliyemletea marehemu miwani yake kila asubuhi hata siku ambazo hakuweza kusoma. Inawashukuru majirani kwa maji, kwa viti na kwa kulala sebuleni kwa shemeji asibaki peke yake, na inawashukuru wafanyakazi wenzake wa taasisi, waliomwamini na waliomshuku, maana waliomshuku walikuwa na haki ya kushuku, walikosea mtu tu. Tunamshukuru aliyewalisha samaki juzi, jana na leo, nimeambiwa wawili wamekufa, na wawili wameandikwa.

Dada, hesabu imesahihishwa, na walioihakiki ni wengi kuliko wawili. Lala sasa bila kuwa na haja ya kumkagua mtu, pumzika kwa amani.